Ndege walijaa hapa mwaka jana, mbona leo hawapo?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa mshipi, Kizimkazi. Tukienda upande wa kisiwa kidogo cha Fungu Mbaraka, msimu mmoja tunakuta ndege wamefunika bahari na jodari wanaruka chini yao. Msimu mwingine tunafika palepale kwa GPS, bahari tupu. Kwa nini?

JIBU: Nahodha, alama uliyoihifadhi kwenye GPS haisogei, lakini maji yaliyokuwa pale mwaka jana yameshakwenda mbali. Ndege wanafuata maji.

Watazame wale buabua wa mgongo mweusi na tumbo jeupe. Hawapigi mbizi, manyoya yao hulowa, hata kutua majini wapumzike hawawezi. Wanaokota vidagaa vya juu kabisa, urefu wa mdomo tu. Bila jodari na sehewa kuvisukuma vidagaa juu, buabua analala njaa ingawa dagaa wamejaa mita 20 chini yake.

Jodari naye anafuata chakula, na chakula kinaanzia kwenye maji baridi ya chini, maana huko ndiko kwenye virutubisho. Yakipanda juu kwenye mwanga, vimea vidogo vya kijani vinaota, vijidudu vinavila, dagaa wanakuja. Wakati wa kusi mkondo wetu unakimbia kaskazini kwa nguvu, na ukigonga mteremko wa kisiwa au fungu, maji ya chini huchochewa. Kule Somalia kusi husukuma maji ya pwani nje, na yanayopanda kuchukua nafasi yake huweza kuwa chini ya nyuzi 20. Kaskazi ikiingia, mkondo wa Somalia unageuka kuja kusini, unakutana na wetu pwani ya Kenya, yote miwili inaelekea mashariki.

Maji mawili yakikutana popote utaona mstari: huku buluu, kule kijani, katikati povu, mwani na vijiti. Ukiuona, ufuate kabla hujatazama GPS.

Halafu kuna miaka migumu. Mwaka 1997 na tena 2019, upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, hali inayoitwa dipoli. Nchi kavu tulipata mvua kubwa. Baharini, tabaka la maji ya moto lilinenepa na yale baridi yakabaki chini sana. Mwaka 1998 meli kubwa za jodari zilihamia mashariki ya bahari hii.

Ndege mwenye kinda hawezi kuhama hivyo. Jioni lazima arudi kisiwani kulisha. Ndiyo maana naumia ninaposikia mayai yanaokotwa Fungu Mbaraka, kisiwa cha urefu wa mita 300 hivi tu. Nakuomba, nahodha, wazuie vijana wako.

Safari ijayo chukua kipimajoto na daftari. Andika tarehe, joto la maji, rangi yake na ndege wanafanya nini. Wakipita chini kwa mstari mmoja, bado wanatafuta. Wakizunguka pamoja na kuchota haraka haraka, samaki wako juu; tayarisha mishipi.