Ukitaka kutunga lugha ya programu, anza na ujumbe wa makosa

Miaka minne iliyopita nilianza kutunga lugha ya programu ya Kiswahili, peke yangu, usiku baada ya kazi, kwenye chumba nilichopanga Sinza, Dar es Salaam. Tangu niiweke wazi mtandaoni, vijana wananiandikia wakitaka kufanya kama mimi, na swali lao la kwanza karibu siku zote ni hili: "Kaka, nianzie LLVM au niandike kompaila yangu tangu mwanzo?" Kompaila ni programu inayotafsiri lugha yako kuwa maelekezo ya mashine, na LLVM ni mkusanyo wa zana zinazokufanyia sehemu kubwa ya tafsiri hiyo. Nalijibu hapa kwa kirefu, maana swali hilohilo lilinichukulia miezi minane.

Mimi nilianzia LLVM. Ni kazi kubwa na nzuri, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, na lugha kama Rust na Swift zinaitegemea kuzalisha maelekezo ya mashine. Lakini kuijenga yote kutoka kwenye msimbo wake, kwa kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya GB 4, ni mateso. Nilikuwa naiacha ijijenge usiku kucha, asubuhi nakuta imekwama kwenye hatua ya kuunganisha mafaili kwa sababu kumbukumbu imekwisha. Baada ya miezi minane nilikuwa na lugha inayojumlisha namba kwa kasi ya ajabu, isiyojua maneno wala orodha, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika hata mstari mmoja kwa lugha hiyo. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoniumiza.

Nikaiweka pembeni, nikaandika intaprita, yaani programu inayotekeleza maandishi moja kwa moja bila kuyageuza kwanza kuwa maelekezo ya mashine. Niliiandika kwa lugha ya Go. Inasoma maandishi, inayakata vipande vipande, inavipanga vipande kuwa mti, kisha inautembelea mti tawi kwa tawi na kutekeleza. Ndani ya wiki tatu ilikuwa na vigeu (majina yanayobeba thamani), masharti, vitanzi (maagizo yanayojirudia) na orodha. Ni ya polepole ukiilinganisha na kompaila, lakini mwanafunzi anayekokotoa mauzo ya duka hauoni upolepole huo. Go ilinipa pia kitu nilichokihitaji kuliko kasi: programu nzima inatoka kama faili moja, naibeba kwenye flashi, naiendesha kwenye kompyuta yoyote bila kufunga kitu kingine. Hadi leo nimebaki na Go 1.20, kwa kuwa toleo la 1.21, lililotoka Agosti 2023, liliacha kufanya kazi kwenye Windows 7, na kompyuta ninazofundishia bado ni hizo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: andika njia fupi kuliko zote itakayomwezesha mtu mwingine kuitumia lugha yako mwezi huu. Kompaila itasubiri.

Nilipopata watu ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kila Jumamosi nakaa na vijana wanane, wengi wa kidato cha tatu na cha nne. Nilitegemea waniulize kuhusu vitanzi. Wao walikwama kwenye ujumbe wa makosa. Nilikuwa nimefanya kama lugha nyingi zinavyofanya: kiunzi kimoja cha sentensi, unaingiza jina la kitu, unamalizia na "haijapatikana". Skrini ikawa inaandika "Kigeu haijapatikana", "Neno haijapatikana", "Mstari haijapatikana". Binti mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hili kosa ni la kwangu au ni la kompyuta?" Alikuwa sahihi kuuliza. Mtu anayejifunza hawezi kuuamini ujumbe unaomkosoa huku wenyewe umekosea sarufi ya darasa la nne.

Kiingereza kinaruhusu kiunzi kimoja kwa kila kitu kwa sababu kitenzi chake hakijali ngeli. Cha kwetu kinajali. Kigeu hakijapatikana, neno halijapatikana, orodha haijapatikana, mstari haujapatikana. Nilijaribu kukwepa kwa kuandika "Kosa: kigeu – hakuna", na ikasomeka kama simu ya upepo. Mwishowe nikakubali kwamba lugha ya programu ya Kiswahili lazima ijue ngeli. Kila aina ya kitu ndani ya intaprita sasa imeandikiwa ngeli yake, na kuna jedwali dogo la viambishi: KI-VI, LI-YA, I-ZI, U-I. Jedwali lenyewe halifiki mistari 20. Umoja na wingi nao wanadai haki yao: "kipengele 1", lakini "vipengele 7". Kuupitia kila ujumbe na kuuandika upya kulinichukua miezi miwili, na sijawahi kutumia miezi miwili vizuri zaidi kwenye mradi huu. Maswali ya Jumamosi yalibadilika. Badala ya kuniuliza "kimetokea nini", wakaanza kuniambia kilichotokea.

Ukiniuliza mimi, ujumbe wa makosa ndio uso wa lugha. Sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha, mtu anaizoea ndani ya wiki, lakini kosa linamkuta akiwa peke yake, usiku, amechoka.

Somo jingine nililipata kwenye saa. Niliweka amri ya saa() inayorudisha namba kutoka 0 mpaka 23, bila kufikiria mara mbili. Binti yuleyule ana mama yake anayeuza chakula Mwenge, akaandika programu ya kugawa mauzo ya asubuhi, mchana na jioni. Sharti lake lilikuwa rahisi: ikishapita saa 10, ni jioni. Chai na chapati za saa tano asubuhi zikahesabiwa kuwa mauzo ya jioni, kwa kuwa kwa mashine hiyo ni saa 11. Programu yake haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu: nilichukua neno letu nikalipa maana ya watu wengine. Sasa saa() inarudisha saa ya Kiswahili pamoja na kipindi chake cha siku, na anayetaka ile nyingine anaandika saa24(). Kabla ya kulifanya neno la Kiswahili kuwa amri, muulize mtu asiyejua programu linamaanisha nini kwake.

Majina ya amri, kwa upande mwingine, yasikuchukulie muda. Nilibishana na nafsi yangu wiki tatu kama niseme "kazi" au "tendo". Chagua, songa mbele. Na itazame Nuru, lugha huria ya Kiswahili iliyoandikwa kwa Go, kabla hujaanza yako. Pengine nguvu zako zinahitajika huko zaidi.

Leseni iweke siku ya kwanza. Mradi usio na leseni, hata kama msimbo wake unaonekana na kila mtu, kisheria haujamruhusu yeyote kuutumia. Na kila anayechangia anabaki na hakimiliki ya alichoandika, hivyo kubadili leseni baadaye huenda kukakulazimu uwaombe wote. Mimi nilichagua leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadili msimbo karibu bila masharti, kwa kuwa nilitaka walimu wasiwe na la kuhofia.

Kuhusu wachangiaji, nina jambo linaloniuma. Mtu wa kwanza kabisa kunitumia marekebisho alikuwa kijana wa Mbagala. Alikuwa amesahihisha tahajia kwenye mwongozo, maneno manne tu. Nilikuwa nimezama kwenye kazi ya ofisini, nikamjibu baada ya wiki sita. Hakurudi tena. Siku hizi najibu ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "nimeona, nitasoma Jumapili".

Wengine wanauliza itachukua muda gani. Graydon Hoare alianza Rust mwaka 2006 kama mradi wake binafsi. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2015. Lugha ya Lua ilianza 1993 kwenye chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazil, kwa mikono ya watu watatu, wakati vizuizi vya biashara vilipofanya programu za kutoka nje kuwa ngumu kununua, na wateja wao wa kwanza walikuwa wahandisi wa Petrobras, kampuni ya mafuta ya Brazil. Mfano huo naupenda kwa sababu walitunga kwa ajili ya watu waliokuwa jirani nao, wenye shida inayojulikana. Leo Lua imo ndani ya hifadhidata ya Redis, na jukwaa la michezo la Roblox linatumia lugha iliyotokana nayo.

Mwezi uliopita niliongeza kamusi kwenye lugha, yaani orodha ya funguo na thamani zake. Siku mbili baadaye binti wa Mwenge akakutana na "Ufunguo haijapatikana". Nilikuwa nimesahau ngeli ya U-ZI. Hakuniandikia kulalamika. Alifungua faili la jedwali, akaongeza mstari mmoja, akaandika na jaribio la kuuthibitisha, akanitumia. Nilikuwa kwenye daladala natoka Posta. Nikausoma mstari wake mara mbili, nikaukubali kabla hatujafika Magomeni.