Vitabu vya kusoma kabla ya gardi yako ya kwanza (zamu ya usiku)

Usiku wangu wa tatu wa staji, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, hapa Goma, niligundua kwamba nina kifua kikuu. Nilikuwa nimekohoa mara mbili. Wiki iliyotangulia mwalimu alikuwa ametufundisha ugonjwa huo, na dalili zote nilijiona nazo: uchovu, jasho la usiku, hamu ya kula imekwisha. Kwamba nilikuwa silali, ninachota bidoni mbili za maji kila alfajiri na kula mara moja kwa siku, hilo sikulihesabu. Wiki iliyofuata tukaingia somo la figo. Kifua kikuu kikapona chenyewe, kiuno kikaanza kuuma.

Mama aliyekuwa mkubwa wa zamu, ambaye sisi wastajieri tulimwogopa kuliko mtihani, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipima homa, akaangalia macho, kisha akafungua mkoba wake akatoa kitabu. "Dawa yako hii. Kurasa kumi, halafu uende ulale."

Kilikuwa Trois hommes dans un bateau, tafsiri ya kitabu cha Mwingereza Jerome K. Jerome kilichotoka mwaka 1889. Habari yenyewe ni ya wanaume watatu na mbwa wao wanaosafiri kwa mashua kwenye Mto Thames, lakini kurasa za mwanzo ni zetu sisi. Msimulizi anaingia maktaba ya British Museum kutafuta tiba ya kaugonjwa kadogo, anaanza kupekua kitabu cha tiba kwa herufi, na anajikuta anao kila ugonjwa ulioandikwa humo isipokuwa mmoja: goti la watumishi wa nyumbani, lile linalovimba kwa kupiga magoti ukisugua sakafu. Anaudhika kwa kukosa huo mmoja. Anakwenda kwa daktari rafiki yake, anaandikiwa fomu, anaipeleka famasi bila kuisoma. Mfamasia anamrudishia: yeye si duka la ushirika wala hoteli. Dawa zilizoandikwa ni nyama, bia, kutembea maili kumi kila asubuhi, kulala saa tano usiku, na kuacha kujaza kichwa mambo asiyoyaelewa.

Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Figo hazijaniuma tena tangu siku hiyo.

Ndiyo maana, wadogo zangu mnaoanza staji mwaka huu, mkiniuliza msome nini nje ya silabasi, siwaanzishi na vitabu vizito. Silabasi ile ya fotokopi mliyoikunja mfukoni mwa bluzi itawavusha mtihani, na msiidharau. Lakini imeandikwa kana kwamba anayeishika hana woga, hana majivuno, na mgonjwa wake hana jirani wa kumshauri. Anzeni na wanaotucheka.

Baada ya Jerome, chukueni Knock ya Jules Romains, tamthilia iliyochezwa Paris kwa mara ya kwanza Desemba 1923. Daktari Knock ananunua kazi ya daktari mwenzake katika mji mdogo wa milimani ambako watu karibu hawaugui. Anatangaza kwa ngoma kwamba siku ya soko atawaona watu bure. Anamuuliza kila mmoja maswali mawili matatu, anakunja uso, ananyamaza kidogo, na mtu aliyekuja akitembea anarudi nyumbani kujilaza. Baada ya miezi mitatu mji mzima uko kitandani na hoteli imegeuka hospitali. Daktari wa zamani aliyekuja kuchukua malipo yake anacheka, anabishana, na mwishowe naye anaanza kuuliza kama kweli hali yake ni nzuri.

Usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta haina mafuta, na stajieri mmoja akaisoma kwa sauti kwa mwanga wa tochi ya simu, akiigeuza Kiswahili papo hapo. Chumba kilikuwa cha akina mama. Alipofika pale Knock anapomtisha mwanamke tajiri wa shamba, bibi mmoja aliyevunjika nyonga alisema kutoka gizani, "Huyo munganga namujua. Mimi alinitia serumu sita." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao, ila nilikuwa na sababu ya kucheka kidogo kidogo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo maabara haikuwahi kumkosa mdudu. Aliyekuja na kichwa kinauma alitoka na malaria. Aliyebisha alitoka na malaria na tifoidi. Mwenye kituo alituambia wazi kwamba mtu akiondoka bila serumu, yaani maji ya mshipani, wala sindano ataona hakutibiwa, na hatarudi. Nilikaa pale miezi minane. Knock ningeisoma mapema, ningeondoka wa kwanza.

Mkiwa na hamu ya Molière, mnaye: Le Médecin malgré lui ya mwaka 1666, ambamo mkata kuni anayejifanya daktari anaweka moyo kulia na ini kushoto, na akiulizwa anajibu kwamba hayo yamebadilishwa siku hizi. Ni kifupi, mtakimaliza kwenye moto (pikipiki) kutoka Ndosho mpaka Birere, kama vumbi litawaruhusu.

Ila kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika kundi hili si cha kuchekesha tu. Mikhail Bulgakov alikuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi. Alipomaliza masomo alitupwa hospitali ya kijijini huko Urusi, mbali na reli, na baadaye, katika miaka ya 1925 na 1926, akayachapisha yale katika hadithi fupi ambazo kwa Kifaransa zinaitwa Récits d'un jeune médecin. Someni ile ya mama aliyeletwa usiku, mtoto amelala mkingamo tumboni. Daktari kijana hajawahi kumgeuza mtoto maishani mwake. Anasingizia kwamba amesahau sigara, anakimbia nyumbani kwake, anafungua kitabu cha uzazi, na kila ukurasa unamzidishia giza: hatari hii, hatari ile. Anarudi mikono mitupu. Ndipo, wakati ananawa, mkunga anaanza kumsimulia kwa utaratibu jinsi daktari aliyemtangulia alivyokuwa akifanya. Dakika zile kumi zinampa kuliko vitabu vyake vyote. Na usiku ule ule, kazi ikiisha salama, anarudi kwenye kitabu kilekile na kukuta yale yaliyokuwa giza sasa yanasomeka.

Mimi sikuwa na sigara za kusingizia. Usiku wangu wa kwanza maternite nilikuwa nimeficha silabasi chini ya meza, nachungulia hatua za kupima mlango wa kizazi, na mkunga akaniona. Hakunifokea. Alisema, "Soma tu, lakini mkono mmoja weka hapa," akauchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo la yule mama, tukangoja. Tumbo likakaza chini ya kiganja changu, gumu kama ubao, likahesabiwa, likalegea. Kwenye silabasi uchungu wa kuzaa ulikuwa mistari minne. Niliisoma tena alfajiri, nikaielewa kwa mara ya kwanza.

Sasa historia. Hapa wengi hukimbia, wakidhani ni kukariri tarehe. Chukueni mtu mmoja tu, Ignaz Semmelweis, daktari wa uzazi huko Vienna, na mmemaliza nusu ya kazi. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka 1846, katika ya kwanza walikufa zaidi ya wazazi 11 kwa kila 100. Katika ya pili hawakufika 3. Wanawake walijua. Walilia wasipelekwe ya kwanza, na wengine waliona heri kujifungulia barabarani. Madaktari walisema ni hewa mbaya, kana kwamba hewa inajua mlango wa kugonga. Mwaka 1847 rafiki yake Semmelweis, Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi wale. Semmelweis akaelewa: ni mikono yetu, tunayotoka nayo chumba cha maiti. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 kwa kila 100. Juni walikuwa kama 2.

Na bado walimkataa. Kukubali kungemaanisha kila profesa akae ahesabu wanawake aliowaua kwa mikono yake. Yeye naye hakujisaidia: alichelewa kuandika mpaka 1861, na alipoandika akawaita wapinzani wake wauaji kwa barua za wazi. Alikufa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47. Louis-Ferdinand Céline, ambaye alikuwa daktari, alimwandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1924. Inasomeka kama riwaya, na ndiyo kasoro yake, kwa sababu namba alizitia chumvi. Isomeni kwa ajili ya hasira iliyomo, namba mtafute kwingine. Mwandishi mwenyewe baadaye aliandika mambo ya aibu dhidi ya Wayahudi. Mjue mnasoma nani.

Kwa nini nakaa sana juu ya Semmelweis? Kwa sababu Julai 2019 Ebola ilifika hapa mjini na abiria wa basi kutoka Butembo, na mimi nilikuwa kwenye ndoo ya klori nikimwambia kila anayeingia "nawa". Wengine walinawa, wengine walinitazama kama mwizi. Nilikuwa na haki, na haki yangu haikuwa inamnawisha mtu yeyote. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwa na diploma kubwa kama yangu, alikuwa ananawa yeye kwanza mbele yao, polepole, huku akiwauliza habari za nyumbani. Kwake foleni ilikuwa inakwenda. Mlipuko ule wa Mashariki ulidumu kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200. Someni pia kila mtakachopata juu ya Profesa Muyembe, Mkongo mwenzetu, aliyefika Yambuku mwaka 1976 akawatoa wagonjwa damu bila glavu, ugonjwa haujapata hata jina. Mwaka 1995 huko Kikwit aliwapa wagonjwa wanane damu ya waliopona, saba wakaishi, wakati wenzake wa ng'ambo wakitilia shaka. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilitoka baadaye mojawapo ya dawa za Ebola tulizo nazo leo.

Kuna jingine linalohusu mji huu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma ndani ya siku chache. Ardhi yetu ni lava: choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki, maji yakachotwa ziwani palepale. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mkisoma habari hizo, someni pamoja nazo kisa cha Dilip Mahalanabis, daktari wa Bengal aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi mwaka 1971 serumu zilipomwishia. Alichanganya chumvi na sukari ya glukozi kwenye mapipa ya maji safi, akawaachia ndugu wa wagonjwa wanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila 100 mpaka chini ya 4. Sukari ndiyo inayoifungulia chumvi njia ukutani mwa utumbo, na maji hufuata chumvi. Mama akikukataa pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, akidai serumu, usimpe hotuba. Mpe kisa hicho, na kikombe, na kaa naye mpaka amalize cha kwanza.

Mengine kwa haraka. Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha David Werner, kipo kwa Kiswahili, na lugha yake ndiyo mtakayoihitaji mkimweleza mgonjwa. Ila msichukue dozi kwenye nakala ya zamani, kwa maana mtakuta humo klorokini ya malaria ambayo Kongo iliiacha kitambo. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, aliandika Notes on Nursing mwaka 1859, na sura yake juu ya kelele na minong'ono nje ya mlango wa mgonjwa ingebandikwa ukutani kwetu kesho. Vitabu vya Daktari Mukwege wa Bukavu, jirani yetu ng'ambo ya ziwa anayejulikana kwa kutibu wanawake waliobakwa vitani, ni lazima, lakini msivisome usiku wa gardi. Mimi nilifanya kosa hilo na La Force des femmes, na asubuhi sikuweza kutoa ripoti.

Ushauri wa vitendo mmoja: msisome kwenye simu mbele ya wagonjwa. Hata kama ni Semmelweis, wao wanaona WhatsApp. Chapisheni, au kopeni, au someni kwa sauti.

Vya kwangu naazima, na vingi havirudi. Mwenye nakala yangu ya Knock, ile yenye jalada lililoshikwa kwa sparadra na doa la chai ukurasa wa pili, naomba ailete kabla ya Jumatatu. Kuna wastajieri sita wapya, na mmoja wao tayari ameniambia moyo wake unapiga vibaya.