Re: Hivi Mramba alifungwa kwa kuiba hela?

Mkuu hapana, Basil Mramba hakushtakiwa kwa wizi, ilikuwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Yule mzee alikuwa waziri wa fedha enzi za Rais Mkapa, watu wengi wanamkumbuka kwa ile ishu ya ndege ya rais na kauli kwamba hata ikibidi wananchi wale nyasi, ndege lazima inunuliwe (hiyo haikumtoka mpaka anafariki 2021), sasa kilichompeleka mahakama ya Kisutu ni msamaha wa kodi waliopewa Alex Stewart, kampuni ya kukagua dhahabu, na hapo TRA (mamlaka ya mapato) walishashauri wasisamehewe. Alipandishwa kizimbani Novemba 2008, hukumu ikaja Julai 2015, yani miaka karibu saba! Yeye na Daniel Yona aliyekuwa waziri wa nishati na madini wakala miaka mitatu, Mgonja aliyekuwa katibu mkuu hazina akaachiwa huru. Halafu 2016 wakatolewa wakamalizie kifungo cha nje, wakawa wanafanya usafi hospitali ya Sinza Palestina. Mi naona kesi ilikuwa nzito kuliko adhabu ila ndo hivyo, angalau waziri alishika ufagio.