Barua mbili, kisha kimya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasa la binti yangu, la tano, lilianza urafiki wa barua na darasa la nchi nyingine. Barua mbili za kwanza zilichangamka: naitwa fulani, napenda mpira, bendera yetu ina rangi hizi. Tangu hapo kimya, na binti yangu anasema wenzao wale wana maringo. Walimu wanataka tuchange tuwatumie zawadi ili kuwaamsha. Tuchange? Na lugha ya barua zenyewe watoto wanaibabaisha tu.
Mama wa darasa la tano

JIBU: Marahaba, mama. Msichange. Upande mmoja ukishakuwa mtoaji, mwingine unabaki kushukuru, na barua za shukrani za watoto nimesahihisha nyingi: zote zinafanana, na hakuna anayesubiri kwa hamu kuzisoma.

Wale watoto hawana maringo, wameishiwa. Ukishataja jina, umri, mchezo na bendera, una lipi tena la kumwambia mtu usiyemjua? Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakutoshi kupunguza chuki baina ya makundi. Miongoni mwa mengine, inabidi watu wawe sawa na wawe na lengo wanalolihangaikia pamoja. Madarasa yenu yamekutana, lakini hayana kazi.

Basi yapeni kazi ambayo hakuna darasa litakaloimaliza peke yake. Mimi napenda ya kivuli. Siku moja waliyokubaliana, kila darasa lisimamishe wima kijiti cha mita moja juani, kwenye ardhi tambarare, na kupima kivuli kila baada ya dakika chache pale kinapokaribia kuwa kifupi kabisa. Kile kifupi kuliko vyote ndicho kinachoandikwa na kutumwa. Kwa kivuli hicho mwalimu atawasaidia kupata pembe ya jua, ile inayopimwa kutoka utosini, si kutoka ardhini. Vivuli vya madarasa mawili vikielekea upande mmoja, toeni pembe moja kwenye nyingine; vikielekeana kinyume, jumlisheni. Gawanyeni 360 kwa pembe mliyopata, kisha zidisheni kwa kilomita zinazotenganisha shule hizo kutoka kaskazini hadi kusini. Mtapata mzunguko wa Dunia, ambao ni kilomita 40,000 hivi. Mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes alitumia njia ya namna hii huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. (Shule zikiwa karibu mno kwa kipimo hicho, kosa dogo la kupima litaharibu hesabu yote. Hapo andikeni hadithi ya kupokezana, sura kwa sura.)

Mtoto anayengoja namba ya mwenzake hahitaji zawadi ili aandike. Atauliza mwenyewe: kwenu kulikuwa na mawingu? Mbona kivuli chenu kirefu hivyo?

Lugha isikutishe. Katika kambi ya kwanza ya CISV, shirika la kambi za kimataifa za watoto, mwaka 1951 huko Ohio, Marekani, mwanasaikolojia Doris Allen aliwakutanisha watoto wa miaka 11 kutoka nchi kadhaa ambao hawakuwa na lugha moja, na kambi hizo zinaendelea mpaka leo. Namba, mchoro na picha ya kijiti vinasomeka popote. Ila waombe walimu wasizipige pasi barua mpaka zote zisomeke kama tangazo la shule. Samantha Smith, msichana wa Marekani mwenye miaka 10, alimwandikia Yuri Andropov, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1982 akamuuliza waziwazi kama anakusudia vita. Alijibiwa, na mwaka uliofuata akaalikwa kuitembelea nchi hiyo. Angekuwa na mwalimu wa kumwondolea swali hilo, barua ingebaki na salamu tu.

La mwisho: kila kitu kipitie anwani ya shule. Anwani ya nyumbani, namba ya simu na picha ya mtoto akiwa na beji yenye jina lake, visitumwe.