AreaFix Hushika Ncha Moja Tu ya Kamba

Kila zikiingia nodi (mashine za BBS, mbao za ujumbe za kompyuta) mpya tatu nne kwenye mtandao wa mtindo wa FidoNet, hub, yaani nodi inayozigawia nyingine ujumbe, huanza kupokea barua zilezile. Mtu kamwandikia AreaFix, roboti ya hub inayomuunga mtu na maeneo ya mazungumzo, alama ya kujumlisha na jina la eneo, kaona kimya. Kaandika tena. Mara ya tano anamwandikia sisopu (mwendeshaji) wa hub kwamba roboti yake mbovu. Roboti ni nzima. Jibu lake limelala kwenye netmeli (barua za mtu kwa mtu) ya mlalamikaji tangu juzi, halijafunguliwa.

Haya basi, wadogo zangu, tuyapitie tena. Nachukulia kwamba meila yako (programu inayopeana faili na nodi nyingine) inapiga na kupokea kwa itifaki ya binkp kwenye bandari 24554, tosa yako (inayopanga ujumbe kwenye maeneo) inafungua paketi, na netmeli na eko (ujumbe wa maeneo ya wote) huzichanganyi. Kama hapo bado, AreaFix si tatizo lako la leo.

1. Barua yenyewe.

Ni netmeli kwenda kwa apulinki wako, yaani hub inayokuletea ujumbe. Jina la mpokeaji ni AreaFix, nenosiri hukaa kwenye mstari wa mada, na amri hukaa mwilini, moja kila mstari. Tuseme mtandao wa mfano una zoni 99, wewe ni 99:1/25 (zoni:net/nodi) na apulinki wako ni 99:1/10:

Kwa: AreaFix, 99:1/10
Mada: nenosiri lako
%QUERY
+JARIBIO
-MAKTABA
---

%QUERY huuliza umejiunga na maeneo gani, alama ya kujumlisha ni kujiunga, ya kutoa ni kujitoa. Zile dashi tatu za mwisho si pambo. Ndizo zinazoiambia roboti iache kusoma. Roboti nyingi huhesabu mstari usio na alama yoyote kuwa ombi la kujiunga, sawa na ulioanza kwa alama ya kujumlisha. Kwa hiyo ukimaliza barua kwa "Asante sana mkuu, tuko pamoja" bila dashi, roboti itakwenda kutafuta eneo liitwalo hivyo, kwa adabu kamili, kisha ikujibu kwamba halipo. Ndiyo maana pia jibu la roboti halijibiwi kwa kunukuu maneno yake yote. Anza barua mpya.

Kuna wanaomwandikia AreaFix ndani ya eko. Kihariri kilikuwa wazi kwenye eneo la mazungumzo, vidole vikatangulia akili, na sasa nenosiri lipo kwenye mada ya ujumbe unaosomwa na kila nodi iliyojiunga. Hakuna amri ya kuurudisha. Badili nenosiri saa hiyohiyo, kwa %PWD kama hub yako inaikubali, la sivyo kwa kumwandikia sisopu. Usiongeze ujumbe wa pili kwenye eko ukiomba watu wasisome wa kwanza.

Netmeli ya kwenda kwa roboti itumwe Crash au Direct, yaani moja kwa moja, isipitishwe kwa nodi ya tatu. Nenosiri linasafiri wazi, na kila sisopu wa njiani anaweza kulisoma.

2. Manenosiri si moja.

Kuna la kikao, ambalo meila mbili hupeana zinapokutana. Kuna la paketi, ambalo tosa hulikagua kwenye kichwa cha faili ya .PKT, nafasi yake pale ni herufi 8 tu, kwa hiyo ukichagua refu zaidi litakatwa, na upande mmoja ukikata na mwingine usikate, paketi zako zitawekwa kando kama zisizoaminika. La tatu ni la AreaFix. La nne ni la faili za .TIC, kama unapokea pia maeneo ya faili. Ukijibiwa kwamba nenosiri si sahihi ilhali meila inaunganika vizuri, usiguse meila.

3. Anwani unayotokea.

Ukiwa na AKA (anwani zako nyingine) kwenye mitandao miwili mitatu, kihariri chako kitaweka mojawapo, na mara nyingi si ile unayoitaka. Roboti inamtambua mwombaji kwa anwani ya mtumaji. Barua iliyotoka kwa AKA ya mtandao mwingine hujibiwa kwamba linki (nodi inayounganishwa na hub) haijulikani, hata nenosiri likiwa sahihi herufi kwa herufi. Kwa pointi, yaani mtumiaji aliye chini ya nodi, kuna mtego wa ziada. Namba ya pointi haikai kwenye anwani ya kawaida ya kichwa cha ujumbe, hubebwa na mstari uliofichwa wa FMPT. Programu isiyouandika inakufanya uonekane kuwa nodi mama. Hapo ama utakataliwa kwa nenosiri, ama, kama mwenye nodi alikupa nenosiri lake mwenyewe (wapo!), utakuwa unampangia maeneo yeye.

4. Ncha mbili.

Hili lingetosha kuwa somo zima. AreaFix hubadili mpangilio wa apulinki peke yake. Tosa yako haijui chochote kilichotokea.

Ukiomba +JARIBIO na kukubaliwa, ujumbe utaanza kuja. Kama JARIBIO haimo kwenye mpangilio wako, tosa itafanya moja kati ya mawili: itautupa kwenye eneo la ujumbe mbaya, au, ukiwa umewasha uundaji wa maeneo wa kujitegemea, italiunda kwa vigezo vya jumla. Vigezo vya jumla ndivyo vinavyoliweka eneo kwenye kundi lisilo lake, au vinalifanya la kupitisha tu, yaani ujumbe unapita kwenda kwa linki zako bila kuhifadhiwa kwako. Halafu unauliza kwa nini eneo ni tupu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu hakina kelele. Umeliandika eneo kwenye mpangilio wako, na apulinki umemweka humo kuwa linki, lakini upande wa apulinki hujajiunga. Unaandika ujumbe, tosa inaupakia, meila inaupeleka salama, na huko unaishia kwenye eneo la ujumbe mbaya kwa kuwa umetoka kwa linki isiyojiunga. Kwako kila kitu kinaonekana kimetumwa. Unakaa wiki mbili ukidhani watu wamekununia.

Dawa ni %QUERY. Linganisha orodha yake na mpangilio wako, mstari kwa mstari. Tofauti yoyote ni hitilafu. Na baada ya kujiunga, tuma ujumbe mmoja kwenye eneo la majaribio la mtandao wako (fsxNet, zoni 21, wana FSX_TST kwa kazi hiyo), si kwenye eneo ambalo watu wanazungumza.

5. Kuhama apulinki, na %RESCAN.

Hapa tukae kidogo. Hili ndilo kosa ambalo wakongwe hawapendi kulikumbuka, na wale wanaolikemea kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ndio waliolifanya. Tukiri tu kwamba tumelifanya sisi, na kila kizazi cha nodi mpya kinalifanya upya, kwa hatua zilezile, karibu kwa mpangilio uleule.

Linaanza kwa nia njema. Umehama kutoka 99:1/10 kwenda 99:1/20, labda kwa sababu hub mpya iko hewani muda mwingi zaidi. Kwa kuwa ni mwanzo mpya, umeweka pia mfumo upya, na kumbukumbu ya rudufu ya tosa (orodha ya ujumbe uliokwisha kupita) ni tupu. Linki ya zamani umeiacha kwenye mpangilio, ati utaitoa kesho baada ya kuhakikisha. Unamwandikia AreaFix wa hub mpya, unajiunga na maeneo yako yote, majibu yanarudi mazuri. Maeneo lakini ni matupu, na macho hayapendi utupu. Unatuma %RESCAN, amri ya kuomba ujumbe wa nyuma, bila kikomo cha idadi.

Hub mpya inatii. Inatoa kila ujumbe ilioutunza, wa miaka na miaka, inaupakia na kukutumia. Tosa yako inaupokea. Inaangalia kumbukumbu ya rudufu: tupu, kwa hiyo kila ujumbe ni mpya. Inauhifadhi. Kisha inafanya kazi yake ya pili, ile uliyoisahau, ya kuupeleka kwa kila linki nyingine iliyojiunga na eneo hilo. Linki nyingine ni nani? 99:1/10, uliyemwacha kwenye mpangilio mpaka kesho.

Mistari ya SEEN-BY, inayotaja nodi zilizokwisha kuupata ujumbe, ingepaswa kuzuia, maana tosa haimpelekei nodi aliyekwisha kutajwa humo. Lakini hub nyingi huhifadhi ujumbe bila mistari hiyo, au huipunguza ibaki na linki za karibu. Kwa hiyo hub ya zamani haimo, na ujumbe wote unapakiwa kwenda kwake.

Huko nako kuna ukaguzi wa rudufu, kwa MSGID (kitambulisho cha ujumbe) au kwa alama iliyokokotolewa kutoka kwenye kichwa cha ujumbe. Ila kumbukumbu hiyo ina mwisho, kwa siku au kwa idadi. Ujumbe wa wiki jana utakamatwa. Wa mwaka juzi hauna wa kuukumbuka. Unapita kama mpya, unasambazwa kwa linki zote za hub ile, nazo zinausambaza zaidi, na kufikia jioni mtandao mzima unasoma upya ugomvi uliokwisha zamani. Na watu wanaujibu. Hilo ndilo linaloumiza, kwamba kuna anayejibu kwa dhati swali lililoulizwa na mtu aliyefunga BBS yake muda mrefu uliopita.

Programu fulani huweka mstari wa RESCANNED kwenye ujumbe unaotolewa upya, na tosa zinazoutambua haziusambazi. Nyingine hukataa ujumbe wenye tarehe ya zamani mno. Usijenge usalama wako juu ya tosa ya mwenzako.

Ukigundua mapema, simamisha tosa na meila kwanza, maelezo baadaye. Kubadili faili ya .flo (orodha ya vifurushi vya kupelekwa) kuwa .hlo (Hold, ya kushikiliwa) hakukuokoi: Hold inazuia wewe kupiga kupeleka, lakini hub ikikupigia itavichukua vifurushi vyote. Kwenye folda ya kutokea ya mtindo wa meila ya Binkley, tafuta faili ya nodi husika. Namba zimeandikwa kwa msingi wa 16, kwa hiyo net 1 nodi 10 ni 0001000a.flo, na kama zoni 99 si zoni yako kuu, iko ndani ya folda yenye kiambishi .063. Hamisha vifurushi vilivyotajwa humo, futa mistari yake, toa linki ya zamani kwenye kila eneo, ndipo uwashe tena. Kama umechelewa, mwandikie sisopu wa hub zote mbili: majina ya maeneo, saa ilipoanza, idadi ya ujumbe, na kwamba umekata. Usitume ombi la msamaha kwenye kila eneo lililoathirika. Ni ujumbe mwingine juu ya maelfu.

Kuhama kunakotakiwa ni hivi. %QUERY kwa hub ya zamani, hifadhi jibu. Jitoe kwenye maeneo yote, subiri jibu linalothibitisha. Acha meila imalize kilichobaki pande zote mbili. Toa linki ya zamani kwenye mpangilio wako. Ndipo umwendee mpya. Ukitaka ujumbe wa nyuma, omba wachache, tuseme 50 kwa eneo, kwa kigezo cha R= ambacho uandishi wake hutofautiana kati ya programu na programu; %HELP ya hub yako itakuonyesha wake. Na kabla ya kuomba, angalia kwamba kila eneo kwako lina linki moja tu ya juu. Eneo moja kutoka kwa apulinki wawili ni duara, na duara huzalisha rudufu hata bila %RESCAN.

6. Yaliyobaki ni ya haraka.

+* hujiunga na kila kitu unachoruhusiwa. Utajuta kabla ya chai ya jioni.

"Ombi limepelekwa juu" maana yake hub yenyewe haina eneo hilo na imeuliza kwa apulinki wake. Subiri siku mbili tatu. Ukikosea tahajia ya jina, hub imeulizia eneo ambalo halijawahi kuwapo, kwa jina lako.

Ukisafiri, tuma %PAUSE, ukirudi %RESUME; hub nyingine zina %PASSIVE na %ACTIVE. Ujumbe uliopita katikati haukuwekewa akiba.

%COMPRESS, ya kuchagua jinsi vifurushi vinavyobanwa, iombe kwa aina ambayo mashine yako inaweza kuifungua. ZIP haijawahi kumtupa mtu. Wanaoomba RAR bila kuwa na cha kuifungulia huja kulalamika kwamba folda ya kuingilia imejaa faili za .MO0 na .TU0 zisizoondoka.

%LIST (orodha ya maeneo yote) ya hub kubwa huja kwa vipande kadhaa vya netmeli. Kipande cha kwanza kikiishia herufi M, haina maana kwamba hub haina maeneo ya baada ya M.

FileFix ni roboti nyingine, ina nenosiri lake na maeneo yake ya faili. Ukimwomba AreaFix eneo la faili atakujibu kwamba halipo, naye atakuwa amesema kweli.

Na lile jibu la %QUERY, baada ya kila mabadiliko, linakili mahali nje ya mashine ya BBS. Diski ikifa, hub bado itakuwa inakutumia maeneo yaleyale, na karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ni yapi ya kuunda kabla hujawasha meila.