Krauni na meno bandia hazikai: kabla hujabadilisha aljineti

Mwenye uzi, umesema kliniki yenu iko Embakasi, kazi mnaituma maabara mjini kwa boda, na siku hizi krauni (kofia za meno) na meno bandia yanarudi hayakai mdomoni. Unauliza ununue aljineti, ile poda ya kuchukulia kipimo cha meno, ya kampuni gani. Mimi niko upande wa pili wa hiyo safari, fundi wa meno hapa Ngara, na nakwambia aljineti nyingi hutoka mdomoni zikiwa nzuri, zinaharibikia njiani.

Aljineti hutokana na mwani wa kahawia. Ukichanganya poda na maji, kalsiamu iliyomo huigandisha ikawa kitu cha kunyumbulika, lakini sehemu kubwa ya kitu hicho bado ni maji. Ukiiacha mezani inakauka na kusinyaa. Ukiitumbukiza majini inakunywa na kuvimba. Hata ukiifunga vizuri, hujikamua majimaji yenyewe pole pole. Ndiyo maana ile ya kawaida humwagiwa plasta, yaani jasi inayoganda na kuwa modeli ya meno, ndani ya dakika 10 hadi 15. Sasa niambie, boda gani itatoka kwenu na kufika Ngara kwa dakika hizo, jam ya Jogoo Road ikiwa jinsi tunavyoijua?

Kuna mifuko nafungua nakuta kitambaa kikavu, kingo za kipimo zimepauka na kujikunja, nikibonyeza kwa kidole inaachana na trei, kile kibebeo kinachoingizwa nayo mdomoni. Mingine maji yametuama chini, kipimo kinaogelea. Ubaya ni kwamba zote mbili zikimwagiwa plasta hutoa modeli safi ya kupendeza. Hakuna anayeshtuka mpaka mgonjwa aketi kitini.

Kwa hiyo mwagieni plasta hukohuko kliniki. Suuza damu na mate, puliza dawa ya kuua viini, funika kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza tena, mwaga. Ngojeni kama saa moja igande, itoeni, mtume modeli. Msiiache ndani ya aljineti mpaka kesho, uso wa plasta huharibika. Zipo aljineti zinazoahidi kukaa siku kadhaa, lakini hata hizo zinataka mfuko usiopitisha hewa, na mimi bado ningemwaga mapema.

Mchanganyo nao una mambo yake. Tikisa kopo kwanza, subiri vumbi litulie, pima poda kwa kijiko cha mtengenezaji na maji kwa kikombe chake. Maji ya moto huharakisha kuganda, ya baridi huchelewesha, kwa hiyo asubuhi ya Julai usishangae ikichukua muda. Trei iache nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Ukitoa, vuta mara moja kwa nguvu. Ukitikisatikisa unaipinda au kuirarua.

Krauni ni habari nyingine kabisa. Usiniletee krauni kwa aljineti, hata kama mgonjwa analia bei. Haichukui vizuri ule ukingo mwembamba karibu na fizi, na inararuka palepale tunapopahitaji. Hapo tumia silikoni, kipimo cha aina ya mpira, na ujue ni ipi. Ikiwa na makopo mawili yanayochanganywa sawa kwa sawa, kwa kawaida ni ile ya kisasa, isiyosinyaa na inayoweza kusubiri siku kadhaa. Ikiwa kopo moja na kitubu kidogo cha kigandishi, ni ile inayotoa alkoholi ikiganda na kusinyaa baadaye. Hiyo imwagie plasta mapema, usiilaze.

Ile ya kisasa ina adui mmoja: glavu za lateksi. Salfa iliyomo huzuia kuganda, na uso unabaki unanata. Kandeni kwa glavu za vinili. Halafu msikimbilie kumwaga. Baadhi ya silikoni hizo hutoa hewa ya haidrojeni baada ya kuganda, plasta inajaa vitundu kama chapati iliyopata moto mwingi. Fuateni muda ulioandikwa na mtengenezaji.

Polietha, mpira mwingine wa kuchukulia kipimo, ni nzuri mdomo ukiwa na unyevu, ila ni ngumu, kuitoa kwenye meno yaliyoinama ni vita, na ikilowekwa muda mrefu inakunywa maji.

Kwa mzee asiye na jino hata moja, wengine bado hutumia kompaundi, kitu kigumu cha kipimo kinacholainishwa kwa maji ya moto, kisha paste ya zinki na mafuta ya karafuu juu yake. Mimi naipenda, inachukua fizi vizuri sana na chumba chote kinanukia Unguja. Lakini ikiganda hainyumbuliki, kwa hiyo isitumike kwa mgonjwa aliyebakiwa na meno, na humwasha mgonjwa, mpake vaselini midomoni kwanza.

Na kwenye fomu ya maabara, pale mnapoandika rangi ya jino tu, ongezeni aina ya kipimo na saa kilipotoka mdomoni. Kazi ikirudi haikai, tutajua tuanzie wapi.