Alikuwa wa baridi, nikadhani amepoa

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia saa nane za usiku: "Dada, tumelazwa siku ya tatu. Mtoto kavimba miguu na uso, wanampa vimaziwa kidogo kila baada ya saa tatu. Nimpe uji kwa siri?"

Nilisoma mara tatu. Huo uji mimi nilishautoa.

Binti yangu alikuwa na miezi 14. Tuko Tanga, samaki si tatizo, ila nilimwachisha ziwa mapema nikarudi kwenye biashara, akawa anashindia uji mweupe wa sembe. Kisha kuhara kusikokatika. Nywele zikawa kama ndevu za mahindi. Utepe wa kupimia unene wa mkono ulisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye nyekundu. Nesi akabonyeza mguu kwa dole gumba, akaachia: kishimo kikabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Kwashakoo. Mama mkwe alikuwa na jina lake: kabemendwa, yaani eti wazazi tumemharibu kwa kuvunja mwiko wa chumbani. Alilisema mbele ya majirani, na sijalisahau mpaka leo.

Wodini akaanzishiwa F-75, maziwa maalumu mepesi ya kuanzia matibabu, mililita 90 kila saa tatu, usiku na mchana. Mimi moyoni: mtoto ana njaa, ninyi mnampimia! Usiku wa pili nikajifunika kanga, nikampa uji wa lishe wa karanga, vijiko sita hivi. Alfajiri kaharisha, tumbo likawa la baridi. Nikamwambia nesi, tena kwa furaha, kwamba homa haipo, amepoa. Akaweka kipimajoto kwapani: chini ya 35. Watu wakaanza kukimbia.

Daktari alinieleza baadaye, na mara ya kwanza sikumwelewa. Mtoto aliyedhoofu hivyo anaweza kuwa na maambukizi mazito bila joto kupanda, maana mwili hauna kuni za kuwasha homa. Ndiyo maana huwapa antibayotiki hata wasioonyesha dalili. Na ndani kuna mchochota: utumbo umedhoofika, vijidudu vinapenya, kinga inapigana bila kupumzika. Vita hiyo inakula akiba ya mwili, inaua hamu ya chakula na kuzuia ukuaji. Kumbe mwanangu hakuwa mkaidi. Ukimshindilia chakula kizito wakati huo, moyo, ini na figo vinaelemewa. Kwanza F-75 ya kumtuliza. Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa cha karanga. Hata madini ya chuma hungoja.

Kwa hiyo mama, usimpe kitu kwa kujificha. Mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike mpaka kichwa, mwamshe anywe usiku hata kama nesi kasinzia (wanasinzia, tusidanganyane). Akikataa au akitapika, sema. Usimwage ukasema kamaliza. Mkitoka, msikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki za "kinga". Kenya walijaribu kwa watoto 1,778 wasio na VVU, katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Baadhi walipewa antibayotiki ya kotrimoksazoli kila siku kwa miezi sita. Matokeo yakachapishwa 2016: vifo havikupungua. Rudini kliniki kwa tarehe zenu. Na narudia, uji wa siri hapana. Sisi akina mama tunapenda kuwazidi manesi ujuzi, halafu tukiharibu tunasema hospitali mbaya. Mimi nilisema hivyo mtaa mzima, nikijua fika nilichokificha ndani ya kanga.

Binti yuko darasa la pili sasa. Anakimbia kuliko wavulana wa mtaa, na mama mkwe yuleyule ndiye anayemwita "mke mwenzangu". Nacheka, lakini si sana.

Jana msomaji wangu kaandika tena, safari hii analia: mizani imeshuka kutoka kilo 7.4 hadi 6.8, mtoto anamfia. Wangu naye alishuka hivyohivyo. Maji ya uvimbe yakitoka, uzito hushuka kwanza ndipo upande. Nikamwambia bonyeza mguu, uhesabu mpaka tatu, uachie.

Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Hakuna shimo. Na ameniwekea kidole mdomoni, anataka kikombe."